Ule au usile kabla ya kukimbia alfajiri: mwongozo kwa wakimbiaji wa Tabora

Swali hili lina majibu mawili, na yote ni sahihi. Anayekimbia polepole kwa dakika 40 anaweza kuondoka na maji tu tumboni. Anayekwenda saa moja na nusu, au anayefanya mbio za kasi, anahitaji kula. Pima kwa muda na kasi ya zoezi la siku hiyo, usifuate mazoea ya kikundi. Kabla hata ya kufikiria utakula nini asubuhi, jiulize jana usiku ulikula nini.

Mwili huweka akiba ya wanga, iitwayo glikojeni, sehemu mbili: kwenye misuli na kwenye ini. Misuli ya mtu mzima aliyekula vizuri hubeba takriban gramu 300 hadi 500, na ini hubeba kama 100. Ukiwa umelala, ini ndilo linalotoa sukari ya kulisha ubongo usiku kucha, kwa hiyo alfajiri akiba yake imepungua sana. Akiba ya misuli haiguswi kwa kulala. Ndiyo maana mtu huamka miguu iko imara, lakini akishakimbia kilomita kadhaa kichwa kinakuwa chepesi na macho yanapata ukungu. Chakula kidogo cha alfajiri kazi yake ni kulisaidia ini. Misuli hujazwa na mlo wa usiku, na mlo huo hauna mbadala.

Kula saa 1 au saa 2 usiku: ugali wa kushiba au wali, mboga, na samaki au nyama kiasi. Maharage ni chakula kizuri, ila usiku wa kuamkia mbio ndefu yapunguze au yaache kabisa, kwa sababu gesi yake hukufuata hadi asubuhi. Nyama yenye mafuta mengi ikiliwa saa 4 usiku bado itakuwa inasagwa unapofunga kamba za viatu. Aliyelala bila kula kabisa asikimbie na njaa asubuhi. Ale kwanza, au ahamishie zoezi jioni.

Hapa Tabora tuna nafasi ambayo wengi hawaitumii. Jua letu huchomoza kama dakika 25 nyuma ya Dar es Salaam. Ratiba iliyonakiliwa kutoka pwani, ya kuanza saa 11 kamili, inakutoa nje kwenye giza nene na tumbo tupu. Amka saa hiyo hiyo ya 11, unywe, ule kidogo, uende chooni, kisha uanze saa 12 kunapopambazuka. Saa hiyo moja ya katikati inatosha kabisa kwa chakula chepesi kushuka.

Kwa zoezi jepesi lisilozidi saa moja, kunywa glasi moja ya maji, kama mililita 250, mara unapoamka. Ukipenda ongeza chai ya rangi yenye vijiko viwili vya chai vya sukari. Inatosha.

Zoezi la dakika 60 hadi 90, kwa mfano kutoka mjini hadi Kwihara na kurudi, linahitaji gramu 25 hadi 30 za wanga. Kiasi hicho unakipata kwenye ndizi mbivu moja kubwa, au ndizi kisukari mbili hadi tatu. Slesi mbili za mkate mweupe na chai pia zinatosha. Uji mwepesi unafaa vilevile: vijiko vitatu vya chakula vya unga wa sembe, na viwili vya chai vya sukari, kwenye kikombe kimoja kikubwa. Unga wa dona au ulezi una makapi zaidi, kwa hiyo unakaa tumboni muda mrefu. Uweke kwa ajili ya baada ya mbio.

Asali yetu ya miombo inastahili maneno zaidi, kwa kuwa ndicho chakula cha mkimbiaji kilicho karibu zaidi na mlango wa kila mtu hapa. Kijiko kimoja cha chakula kina takriban gramu 17 za wanga, hakina mafuta, hakina makapi. Koroga vijiko viwili kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu unywe. Tahadhari ni moja: sehemu kubwa ya sukari yake ni fruktosi, yaani sukari ya matunda, na matumbo ya baadhi ya watu hayaimudu ikiwa nyingi. Matokeo yake ni kuharisha njiani. Anza na kijiko kimoja kwa wiki nzima, ndipo uongeze.

Maandazi, vitumbua na chapati, ambavyo ndivyo vilivyo tayari mapema mtaani, viache mpaka urudi. Mafuta huchelewesha tumbo kumwaga chakula, na wakati wa kukimbia damu nyingi huelekezwa kwenye misuli, kwa hiyo usagaji unazidi kudorora. Hapo ndipo kichomi na kichefuchefu vinapotokea. Karanga ni vivyo hivyo. Maziwa mengi huwasumbua wasioweza kusaga sukari yake.

Mbio za kasi ni tofauti na watu wengi hukosea hapa, wakidhani kwa kuwa ni fupi hazihitaji chakula. Mzunguko wa mita 800 mara sita huchoma wanga kwa kasi kubwa kuliko saa nzima ya kukimbia taratibu. Wakati huohuo tumbo lililojaa halivumilii kasi hiyo, litarudisha kila kitu. Suluhisho ni chakula cha majimaji, uji au asali na maji, saa moja kabla. Kama unapoanza tu unajisikia mnyonge na unatetemeka, huenda sukari uliyokula nusu saa kabla imeshushwa kupita kiasi na insulini, homoni inayopunguza sukari kwenye damu; huwatokea baadhi ya watu. Siku nyingine kula zaidi ya saa moja kabla, au dakika 5 tu kabla ya kuanza.

Kwa mbio ndefu za Jumapili, kilomita 25 na kuendelea, kadiria gramu 1 ya wanga kwa kila kilo ya uzito wako, saa moja hadi mbili kabla. Mwenye kilo 60 anahitaji gramu 60: uji kikombe kimoja na ndizi kubwa moja. Halafu beba gramu 30 kwa kila saa utakayokimbia, na anza kuzitumia dakika ya 40, usingoje kuchoka. Kinywaji cha kutengeneza nyumbani: maji nusu lita, vijiko saba vya chai vya sukari vilivyosawazishwa juu, na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Usizidishe sukari ukidhani utapata nguvu zaidi. Ikiwa nzito, maji hukwama tumboni. Soda ina sukari karibu maradufu ya hiyo, tena na gesi. Anayependa kutafuna abebe matobolwa, yale ya viazi vitamu vilivyochemshwa ndipo vikakaushwa, vipande vyembamba vya kujaza kiganja, na ayameze kwa maji. Michembe, iliyokaushwa mbichi, haifai njiani; ipikwe na karanga uile ukirudi.

Ukishikwa na kizunguzungu, jasho la baridi au kutetemeka katikati ya njia, simama ukae chini. Kula vijiko vinne vya chai vya sukari au kijiko kimoja cha asali, subiri dakika 15, kisha urudi ukitembea. Mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenklamaidi asijaribu hata siku moja kukimbia bila kula, mpaka apange na daktari wake. Mjamzito na mwenye vidonda vya tumbo nao wale kwanza.

Wanaokimbia na njaa ili kupunguza uzito wajue kwamba ni kweli mwili huchoma mafuta zaidi wakati wa mbio hizo, lakini hufidia saa zinazofuata. Kinachopunguza kilo ni jumla ya chakula cha siku nzima.

Mwezi wa Ramadhani, usikimbie baada ya daku, kwa sababu jasho la alfajiri hutalirudishia maji mpaka magharibi. Kimbia taratibu dakika 30 zinazoishia kwenye adhana ya magharibi, ufungue kwa tende na maji papo hapo. Mbio za kasi zihamishie baada ya tarawehe.