Wakati wa Kumwagilia Mboga Zilizopandwa Kwenye Ndoo na Viroba

Mkulima anayeanza kupanda mchicha, nyanya au sukuma wiki kwenye ndoo barazani huuliza kwanza amwagilie mara ngapi kwa siku, na swali hilo, ingawa linaeleweka, halina jibu moja. Ndoo ya lita 20 iliyowekwa kivulini mwezi wa Julai, Dar es Salaam ikiwa na ubaridi kidogo, inaweza kukaa siku kadhaa bila kuhitaji maji, ilhali kopo dogo linalopigwa na jua la Februari huenda likahitaji maji asubuhi na jioni. Kinachopaswa kuamua ni hali ya udongo uliomo ndani ya chombo, si ratiba.

Uso wa udongo haufai kutegemewa, kwa sababu jua na upepo huukausha mapema wakati chini bado kuna maji ya kutosha. Chomeka kidole sentimita 4 hadi 5: ukihisi ubichi na chembe za udongo zikaganda kidoleni, subiri, ukikuta ukavu, mwagilia. Kwa vyombo vidogo, kuvinyanyua kunatosha. Mwagilia chombo mpaka maji yatoke chini, yaache yachuruzike, kisha kinyanyue na ukariri uzito wake. Kinyanyue tena udongo unapokauka. Kwa kuwa lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1, tofauti hujulikana kwa mkono bila mizani.

Dalili inayowapotosha wengi ni kunyauka. Mizizi huhitaji hewa, na udongo ukilowa muda mrefu maji hujaza nafasi zote za hewa, mizizi ikaoza na kushindwa kufyonza maji, hivyo majani hulegea ingawa mmea umesimama kwenye tope. Mwenye mmea huona majani yamelegea, akaongeza maji, na hapo ndipo humalizia kuua mmea ambao ungeweza kupona. Kwa maoni yangu, mimea mingi ya wanaoanza hufa kwa huruma ya namna hii kuliko kwa kiu. Kabla ya kuchukua kopo la maji, pima udongo: ukiwa umelowa, majani ya chini yana umanjano na kuna harufu ya uvundo, acha kumwagilia na uzibue matundu ya chini. Tena, nyanya na maboga huweza kulegea saa za mchana wa jua kali kwa sababu majani yanapoteza maji haraka kuliko mizizi inavyoyaleta, kisha yakasimama yenyewe jioni. Mmea unaoamka asubuhi ukiwa umenyauka katika udongo mkavu ndio unaohitaji maji bila kuchelewa.

Unapomwagilia, mwagilia kwa ukamilifu mpaka maji yatoke kwenye matundu, kwani kunyunyiza kidogo kidogo kila siku hulowesha tabaka la juu tu na kuiacha mizizi ya chini mikavu. Hata hivyo, udongo uliokauka kupita kiasi hujikunja na kuachana na kuta za chombo, na maji hupita pembeni yakatoka chini bila kuulowesha. Chombo cha namna hiyo kitumbukize kwenye beseni lenye maji kwa muda wa nusu saa, kisha kiache kichuruzike.

Kokoto zinazowekwa chini ya udongo kwa nia ya kusaidia maji kutoka hazisaidii, kwa kuwa maji hung'ang'ania udongo laini ulio juu yake na kokoto hupunguza tu nafasi ya mizizi. Ni afadhali kuchanganya udongo na mboji pamoja na mchanga wa chembe kubwa. Vyungu vya udongo hupoteza maji kupitia kuta zake, kwa hiyo hukauka mapema kuliko plastiki.

Nyanya hazivumilii kiangazi na mafuriko kupokezana ndani ya ndoo moja. Hali hiyo huzuia madini ya kalisi kulifikia tunda ipasavyo, na kitako chake hugeuka cheusi na kuoza. Si ugonjwa wa kupuliziwa dawa, na fedha ya dawa hupotea bure.

Asubuhi ndiyo saa bora, na maji yaelekezwe kwenye shina, kwa sababu majani yanayolala yamelowa hukaribisha ukungu. Sahani zilizo chini ya vyungu zimwagwe maji mara kwa mara, maana mbu wanaoeneza dengi huzaliana humo.

Kwa wanaotumia maji ya kisima yenye chumvi, kama ilivyo katika maeneo mengi ya pwani, ncha za majani zikianza kuungua, pitisha maji yasiyo na chumvi kwa wingi ndani ya chombo mpaka yatoke chini, na wakati wa masika viache vyombo vinyeshewe.