Kabla hujafungua sensa ya presha ya oili kwenye Subaru WRX

Taa ya oili ikiwaka kwenye Impreza WRX, yeyote utakayemuuliza atakwambia "hiyo sensa tu hiyo, badilisha", na mara nyingi anakuwa sahihi, ishu ni zile chache ambazo sio sensa. Kwenye injini ya EJ20 hiki kitu tunakiita sensa ila kiuhalisia ni swichi, ina waya mmoja, haipimi chochote, inawasha taa presha ikishakuwa karibu na kuisha kabisa. Kwahiyo ikiwaka ukiwa barabarani hakuna cha "ngoja nifike home", zima gari, maana turbo na beringi za krenki zikikosa oili hata kidogo injini inanoki na hapo unaongelea hela nyingine kabisa.

Cha kwanza chomoa dipstiki uone oili ipo. Ipo? Washa switchi bila kupiga stata, taa inatakiwa iwake, ukipiga stata izime. Kama haiwaki kabisa basi balbu imeungua au waya umechomoka, na mtu wa hivyo anaweza kutembea miezi bila kujua kwamba hana ulinzi wowote. Alafu tafuta fundi mwenye geji ya mshale, ile yenye bomba la mpira, anaifunga palepale kwenye tundu la sensa na unaona presha halisi. Kwangu hii hairukwi, hata kama fundi ananuna kwamba unampotezea muda. Geji ikisoma chini, usinunue sensa, una ugonjwa mwingine.

Ila kama shida ni kuvuja tu hapo sawa, hizi sensa zinavuja sana. Imekaa mbele juu ya bloku, chini ya alteneta, oili inashuka kwenye kava ya timing belt na watu wanaishia kubadilisha sili za krenki bure. Chomoa soketi ya waya, ukikuta ndani kuna oili basi imekufa hiyo, huna haja ya kujiuliza.

Sasa kwa kuwa sensa ipo chini ya alteneta na alteneta inabidi itoke njiani, andaa spana za 10, 12 na 14 na toa terminal ya negative ya betri kabla ya chochote, sio ushauri wa kujisikia, ule waya mnene wa nyuma ya alteneta una moto muda wote hata funguo ikiwa mfukoni. Legeza fan belt, ikague hapohapo, kama ina nyufa nunua mpya maana umeshaifikia. Soketi ya kufungulia sensa ni ile ndefu, nyingi zinakaa 24 ila ukienda dukani jaribishia kabisa kwenye sensa mpya, usibahatishe.

Kwenye kununua ndo uwe makini zaidi. Meno yake ni ya saizi ya 1/8 BSPT, na mtaani zimejaa za 1/8 NPT (hivi ni viwango viwili tofauti vya meno ya bomba) ambazo kwa macho ni pacha, ila BSPT ina meno 28 kwa inchi na NPT ina 27, itaingia raundi kadhaa vizuri tu alafu ikaze, ukilazimisha unaharibu meno ya bloku, na bloku ni aluminiamu. Sensa ikigoma kuingia kwa vidole, toa.

Silikoni kidogo kwenye meno inatosha, acha meno ya mwanzo makavu isije ikadondokea kwenye njia ya oili. Tepu ya bomba usiizungushe kama unafunga koki, sensa inapata earth kupitia bloku, ukiizidisha taa inaweza isiwake tena na utafikiri umepona.

Oili haimwagwi, sensa iko juu, injini ikiwa imepoa itatoka kidogo tu, weka tambara na brake cleaner, safisha eneo lote ili ukishawasha uone kama bado panalowa. Injini ikae sailensa (inanguruma bila kukanyaga mafuta) dakika chache, ukimulika tochi pale chini.