Namna ya kuandika wasifu wa mchezaji wa kriketi aliyecheza muda mfupi

Anayeandika habari za mchezaji wa timu ya kaunti (yaani ya mkoa) wa Uingereza wa karne ya 19, akiwa na mechi chache tu za kueleza, asianze kwa kupanga takwimu, kwa kuwa takwimu hizo zikisomwa kwa kipimo cha leo zitamdhulumu marehemu. Karatasi nyingi za matokeo ya enzi hizo zinapatikana mtandaoni, hivyo kazi hii inaweza kufanyika hapa hapa Dar es Salaam.

Tazama kwanza jinsi jina lake lilivyoandikwa. Mchezaji wa ridhaa aliwekewa herufi za mwanzo za majina yake, ilhali mara nyingi wa kulipwa aliandikwa jina la ukoo peke yake. Hapo utapata fununu ya kwa nini aliacha mapema: wa ridhaa huenda aliitwa na kanisa, jeshi au uwakili, na wa kulipwa, ambaye ujira wake ulitegemea mechi, aliweza kupoteza nafasi baada ya kushindwa mara chache.

Kisha hesabu kwa uangalifu. Kabla ya 1889 ova moja, yaani mfululizo wa mipira anayorusha mrushaji mmoja kabla ya kumpisha mwingine, ilikuwa na mipira 4, ikawa 5, na mwaka 1900 ikawa 6; kwa hiyo aliyerusha ova 12 mwaka 1875 alirusha mipira 48, yaani ova 8 za sasa. Wastani wa mpigaji hupatikana kwa kugawanya mbio zake (alama alizopata) kwa idadi ya mara alizotolewa, si kwa zamu alizopiga. Tuseme alipata mbio 38 katika zamu 5, na moja aliimaliza bila kutolewa: wastani wake ni 9.5, wala si 7.6.

Hiyo 9.5 isidharauliwe. Viwanja vilikuwa vibaya, na kwa maoni yangu hakuna mfano unaoonyesha hilo kuliko wa George Summers wa Nottinghamshire, aliyeanza mwaka 1867. Juni 1870, katika uwanja wa Lord's jijini London, mpira wa John Platts uliruka ghafla ukampiga kichwani, naye akafariki siku chache baadaye akiwa na umri wa miaka 25. Richard Daft, mpigaji aliyemfuata siku ile, aliingia uwanjani amejifunga taulo kichwani. Taulo hilo linaeleza hali ya uwanja kuliko jedwali lolote, na wasifu mzuri hutafuta jambo la namna hiyo.

Takwimu ziwekwe mwishoni, kila moja na mwaka wake. Ukimaliza, mpe rasimu mtu anayeandika alama za mechi katika viwanja vya Annadil Burhani au Gymkhana hapa Dar es Salaam akukagulie hesabu za ova, kwani makosa mengi hujificha humo.