MAGAZIJUTO: JU na TO zinapotupotosha

Somo hili linahusu hesabu zenye matendo mchanganyiko. Wengi wetu tulikaririshwa neno MAGAZIJUTO, yaani Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa, na neno lenyewe linafaa. Tatizo ni kwamba silabi zake mbili za mwisho, zikifuatwa kibubusa, huzaa jibu lisilo sahihi. Tuchukue swali hili:

36 − 4 × (9 − 3) ÷ 8 + 5

Hatua ya kwanza ni mabano. Tunapata 6, kisha tunaandika upya mstari wote, pamoja na sehemu ambazo hatujazigusa:

36 − 4 × 6 ÷ 8 + 5

Ninasisitiza kunakili mstari mzima kwa sababu makosa mengi ninayoyaona madaftarini hayatokani na kutojua, bali na alama iliyodondoka njiani.

Hatua ya pili ni kugawanya na kuzidisha, kutoka kushoto kwenda kulia: 4 × 6 ni 24, na 24 ÷ 8 ni 3. Anayeshika MAGAZIJUTO neno kwa neno ataanza na 6 ÷ 8, apate robo tatu, aizidishe kwa 4 na kufikia 3 ileile, kwa hiyo hapo hapotezi kitu isipokuwa muda. Anayepotea ni yule anayetanguliza kuzidisha, kwani katika 24 ÷ 4 × 2 atapata 3 ilhali jibu ni 12. Sasa tumebaki na:

36 − 3 + 5

Hapa ndipo penye mtego. Mwanafunzi anaona JU imeitangulia TO, anajumlisha 3 na 5, anaitoa 8 kwenye 36 na kuandika 28. Amekosa, kwa sababu alama ya kutoa ni mali ya 3 peke yake, na 5 ina alama yake ya kujumlisha. Ukipenda kuanza na kujumlisha, kusanya namba zenye alama hiyo, ambazo ni 36 na 5 (namba ya mwanzo isiyoandikiwa alama huhesabiwa kuwa chanya), upate 41, ndipo utoe 3. Jibu ni 38, na ukienda kushoto kwenda kulia utalipata hilohilo. Hata kabla ya kukokotoa, 28 ilistahili kutiliwa shaka: ukitoa 3 kisha ukaongeza 5, huwezi kubaki na pungufu ya 36.

Jambo moja la uandishi: usiandike 9 − 3 = 6 × 4 = 24. Alama ya usawa, ambayo mwanahisabati Robert Recorde aliichapisha mwaka 1557 kama mistari miwili sambamba, hudai kwamba pande zote zinalingana, na 9 − 3 hailingani na 24.

Maswali

*Mwalimu, kikokotoo changu kidogo kinasema 2 + 3 × 4 ni 20, lakini kitabu kinasema 14. Nimwamini nani?*

Kiamini kitabu. Vikokotoo vingi vya kawaida hutenda kila unapobonyeza, hivyo chako kilikwisha kujumlisha 2 na 3 kabla hujabonyeza 4. Anza wewe na 3 × 4, kisha uongeze 2.

*Shukrani kwa somo. Je, 3(4 + 2), pasipo alama yoyote katikati, ni tendo gani?*

Ni kuzidisha. Maliza mabano upate 6, kisha 3 × 6, ambayo ni 18.

*Naomba kuuliza: vipeo, kama ile 2 ndogo ya juu katika 3², vinakaa wapi? Sivioni ndani ya MAGAZIJUTO.*

Havimo, nayo ni kasoro ya neno hilo. Vishughulikie baada ya mabano na kabla ya kugawanya. Katika 2 × 3² kipeo ni cha 3 tu, hivyo tunapata 2 × 9, ambayo ni 18; anayeandika 36 amezidisha 2 kwa 3 kwanza. Lakini kama swali lingekuwa (2 × 3)², basi 36 ingekuwa sahihi.