Kutumia Klabu za Wenye Magari ya Kale Kufufua Land Rover ya Series: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu unamhusu mtu aliyerithi au kununua Land Rover ya Series, yaani magari yaliyotengenezwa Uingereza kuanzia 1948 hadi 1985, ambayo bado yanaonekana mashambani, kwenye misheni na katika yadi za Afrika Mashariki. Klabu za wamiliki na makundi yao ya mtandaoni ndizo ghala kubwa la maarifa kuhusu magari haya, kwa kuwa mafundi wengi waliofunzwa kuyatengeneza wamekwisha kustaafu. Hata hivyo, ghala hilo humfungukia mtu anayeweza kusema kwa usahihi ana gari gani, kwa hiyo kazi inaanzia chini ya gari na si kwenye simu.

Hatua ya 1: Tambua gari lako

Namba ya chasisi hutafutwa mahali pawili. Moja iko kwenye kibati kilichofungwa ndani ya gari, na nyingine imegongwa kwenye chuma chenyewe cha chasisi, mbele upande wa kulia, karibu na kishikio cha springi. Osha sehemu hiyo kwa mafuta ya taa na brashi, kausha, kisha pakaza chaki juu yake ili tarakimu zijitokeze. Ikiwa namba hizo mbili hazilingani, au hazilingani na logbuku (kwa Tanzania, kadi ya gari), maliza jambo hilo na mamlaka ya usajili kabla ya kutumia hata shilingi moja kwenye matengenezo.

Kwa magari mengi ya Series IIA na Series III, yaani matoleo ya baadaye ya gari hili, tarakimu tatu za mwanzo zinaeleza asili yake. Namba inayoanza na 242 ni Series IIA fupi ya inchi 88 (umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma), ya petroli, yenye usukani wa kulia na iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la nje; 902 ni mwenzake wa Series III; na 903 ni Series III ya aina hiyo hiyo iliyosafirishwa vipandevipande ili iunganishwe katika nchi iliyoipokea. Magari ya miaka ya 1980 yana namba ndefu zaidi zenye herufi.

Usitegemee sura ya gari. Bodi ya Land Rover ni vipande vya aloi ya alumini vilivyofungwa kwa bolti, na madigadi, milango na wavu wa mbele vimekuwa vikihama kutoka gari moja hadi jingine kwa miongo mingi; nimeona magari mengi yanayouzwa kama Series III ambayo chasisi zake ni za IIA.

Hatua ya 2: Chagua makundi mawili, si kumi

Unahitaji klabu moja ya mbali na kundi moja la karibu, kwa sababu kazi zake ni tofauti. Klabu za Uingereza, kama Land Rover Series One Club na Land Rover Series 2 Club, zina kumbukumbu za miaka mingi na wanachama waliobobea katika toleo moja tu la gari. Kundi la karibu, ambalo mara nyingi liko WhatsApp au Facebook, litakuambia ni fundi gani wa mji wako anayeweza kupanga giaboksi, na ni yadi gani yenye ekseli nzima. Maarifa haya ya pili hayapatikani London kwa bei yoyote.

Hatua ya 3: Soma kabla ya kuuliza

Tafuta kwa namba ya spea kutoka kwenye katalogi ya vipuri badala ya kutafuta kwa jina, kwa maana kifaa kimoja huitwa kwa majina mengi lakini namba yake haibadiliki ovyo. Maswali kadhaa yamejibiwa mara nyingi mno kiasi kwamba kuyarudia huwachosha watu. Mojawapo ni kama injini ya zamani inaweza kutumia petroli isiyo na risasi, ambayo ndiyo pekee tuliyobaki nayo tangu mwanzoni mwa 2006. Jingine ni upande wa ethi: magari kabla ya takriban 1967 yalifungwa terminali chanya ya betri kwenye bodi, na anayeweka alteneta ya kisasa bila kukagua hilo huiunguza papo hapo.

Hatua ya 4: Andika swali linalojibika

Hapa ndipo wengi huharibu. Ujumbe unaosema "gari langu linazimazima, nisaidieni" utapata majibu ishirini yanayopingana, yote yakiwa ya kubahatisha. Linganisha na huu:

"Habari za kazi, wakuu. Nina Series III ya inchi 88, petroli, lita 2.25, namba ya chasisi inaanza na 902. Kabureta ni Zenith 36IV. Injini ikiwa baridi inawaka vizuri, lakini ikishapata moto haishiki silensa, yaani huzima ninapoachia mafuta, na hutoa moshi mweusi. Nimebadilisha plagi, platini na kondensa bila mafanikio. Picha za kabureta na za plagi nimeziambatanisha."

Mjuzi akisoma maneno hayo ataelekea moja kwa moja kwenye ugonjwa unaojulikana wa kabureta hiyo, ambayo uso wake wa juu hupinda kwa joto, ukaacha petroli kupenya pasipotakiwa. Atakuelekeza kuusawazisha kwa msasa laini uliolazwa juu ya kioo na kubadilisha mpira mdogo wa mviringo ulio ndani. Angalia kwamba ujumbe umetaja tarakimu tatu tu: namba kamili ya chasisi, namba ya usajili na mahali gari linapolala usiviweke hadharani, kwa sababu wezi nao husoma.

Majibu yakitofautiana, mwamini anayeeleza sababu na namna ya kupima, na uanze na kipimo kisichogharimu kitu.

Hatua ya 5: Nunua kwa tahadhari

Mwombe muuzaji picha ya kifaa kikiwa na karatasi yenye jina lako na tarehe ya siku hiyo, na uulize kundi kama kuna aliyewahi kununua kwake. Kwa walioko Kenya, ambako kuingiza magari yaliyozidi umri wa miaka 8 kumezuiwa, chasisi iliyotelekezwa nchini yenye hati zake ina thamani kuliko inavyoonekana.

Hatua ya 6: Omba cheti cha asili

British Motor Museum iliyoko Gaydon, Uingereza, hutoa kwa malipo cheti kinachotokana na daftari za kiwanda, kikionyesha tarehe ya kutengenezwa, rangi ya awali na mahali gari lilikopelekwa. Magari yaliyosafirishwa vipandevipande huwa na maelezo machache zaidi, hivyo uliza kwanza kabla ya kulipa.

Hatua ya 7: Onana na watu, kisha rudisha jibu

Maonyesho ya Concours d'Elegance, yaani mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri, yanayoandaliwa na Alfa Romeo Owners Club kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, Nairobi, huwakutanisha wamiliki wa kila aina ya gari. Nenda kama mtazamaji kwanza, uangalie magari yaliyotunzwa, na uwaulize wenyewe walikopata mipira ya milango na viti. Tatizo lako likiisha, rudi chini ya swali lako la awali, uandike kilichokuwa kibovu, namba ya spea uliyotumia na bei uliyolipa, pamoja na picha ya kifaa cha zamani.