Toa sakiti yako wengine waitumie: kuanzia mchoro hadi leseni

Kuna wakati nilipiga picha bodi ya bruda yangu, yaani kilezi cha vifaranga chenye taa ya joto, nikairusha kwenye grupu la mafundi. Hapa Uyole, Mbeya, baridi ya Juni na Julai haina masihara, na kifaranga wa wiki ya kwanza anataka nyuzi 32 hadi 35. Sakiti yenyewe ndogo: LM35 inapima joto, LM393 inalinganisha, transista inaendesha rilei (swichi ya umeme), rilei inawasha taa. Fundi mmoja wa Iringa akaiga kutoka kwenye ile picha, rilei isilie hata mara moja. Tumehangaika kwa simu siku mbili, kumbe rizista ya kilo-omu 10, ile inayotoka mguu wa matokeo wa LM393 kwenda chanya, ilikuwa imefichwa na waya. LM393 huvuta chini tu, haisukumi juu. Bila rizista hiyo transista haipati kitu.

Kwa hiyo picha peke yake haitoshi. Fanya hivi.

Hatua ya 1: Chora upya kwenye KiCad, programu ya kuchorea sakiti. Ni ya bure, na yeyote anaweza kufungua faili zako akazihariri. Ongeza PDF kwa anayesomea kwenye simu, na Gerber, yaani faili za kuchapia bodi, kwa anayepeleka kiwandani. Ila ukitoa Gerber tupu umempa mtu ugali uliokwisha kupikwa. Hawezi kuongeza unga.

Hatua ya 2: Orodha ya vipuri. Usiandike "rilei" ukaishia hapo. Andika volti 12, ampea 10, miguu mitano. Taja na mbadala: transista ya BC547 ikikosekana soko la Mwanjelwa, 2N2222 inafanya kazi, lakini msomaji aangalie datashiti kwanza maana miguu mara nyingi imegeuka. Dayodi ya 1N4007 kwenye koili ya rilei usiiache, na upande wa taa weka onyo kubwa: hapo pana volti 230.

Hatua ya 3: Chagua leseni. Hapa ndipo wengi wanateleza. Wanabandika Creative Commons, leseni inayosimama juu ya hakimiliki, kila mahali, wakati hakimiliki inalinda mchoro ulivyochorwa, si namna sakiti inavyofanya kazi. Kwa maunzi, yaani vifaa vyenyewe, mimi natumia CERN-OHL, leseni ya maunzi huria iliyotungwa na CERN, toleo la 2 la mwaka 2020. Ziko tatu:

- S: atakayebadilisha muundo wako kisha akausambaza, au akauza bodi iliyotokana nao, lazima naye atoe faili zake kwa leseni hiyohiyo.
- W: sharti ni hilohilo, lakini haligusi sehemu nyingine alizounganisha na kazi yako.
- P: afanye atakavyo, mradi asifute jina lako na taarifa ya leseni.

Bruda yangu iko kwenye S. Nimechoka kuona kazi ya fundi ikirudi sokoni imefutwa maandishi. Kwa kipande kidogo, mfano sakiti ya kushusha volti 12 hadi 5, weka P tu. S hapo ni kujitafutia maswali.

Utashawishika kuongeza "isiuzwe". Ukiongeza, hiyo si maunzi huria tena, yaani ambayo yeyote anaruhusiwa kuyatumia, kuyabadilisha na kuyauza. Jirani akiunda bruda kumi akaziuza Tukuyu, ni haki yake.

Programu ya ndani, kama ipo, ina leseni yake, mfano GPL au MIT. Maelezo na picha ndiko Creative Commons inakokaa vizuri.

Hatua ya 4: Bandika leseni. Maandishi yake yote yaweke kwenye faili la LICENSE. Juu ya mchoro andika jina lako, mwaka, CERN-OHL-S-2.0 na anwani ya mahali faili zilipo. Rudia kwa ufupi kwenye bodi yenyewe, kwa maandishi meupe. Bodi husafiri, folda hubaki.

Hatua ya 5: Jaribu kabla ya kupandisha mtandaoni. Mpe folda fundi ambaye hajawahi kuiona sakiti hiyo, kisha nyamaza. Kila atakapopiga simu kuuliza, jibu liandike kwenye README, faili la maelekezo. Yule wa Iringa ndiye aliyenijaribia toleo la pili. Alipiga mara moja tu, kuuliza LM35 inaning'inizwa kimo gani. Usawa wa mgongo wa kifaranga, si juu karibu na taa. Sasa limeandikwa.