Kukadiria kundi la ndege kwa hesabu ya Alexander Wilson

Kundi kubwa likipita juu yako, usijaribu kuhesabu mmoja mmoja. Fuata njia ya Alexander Wilson, mfumaji wa Paisley, Scotland, aliyehamia Marekani mwaka 1794, akawa mwalimu, kisha akazunguka nchi akichora ndege na kutafuta watu wa kuagiza vitabu vyake kwa dola 120. Machi 1810 alipita hapa Louisville, Kentucky, ninapoishi, akaingia dukani kwa John James Audubon, naye pia mchoraji wa ndege. Audubon hakuagiza. Mchoraji kwa mchoraji, sishangai.

Karibu na Frankfort, huku huku Kentucky, Wilson alikuta njiwa wasafiri wamefunika anga. Akakadiria upana wa kundi maili 1, mwendo maili 1 kwa dakika, muda saa 4. Yaani urefu maili 240. Kila yadi ya mraba akaipa njiwa 3. Jibu: 2,230,272,000. Nilifundisha hesabu Tanga, kwa hiyo nimeirudia kwa kalamu, na kuzidisha kwake hakuna kasoro. Ninachotilia shaka ni ile 3. Weka 2, na njiwa 743,424,000 wametoweka kwenye karatasi.

Njiwa hao hawapo tena. Wa mwisho alikufa Cincinnati mwaka 1914. Mimi hufanyia mazoezi kwezi, jioni za baridi kando ya mto Ohio.

Chagua alama mbili ambazo umbali wake unaujua, pima sekunde ambazo ndege wa mbele wanatumia kutoka moja hadi nyingine: huo ndio mwendo. Kisha pima muda tangu wa kwanza hadi wa mwisho. Upana ulinganishe na jengo au daraja.

Kazi ipo kwenye msongamano. Wakiwa utosini kabisa, piga picha. Kwezi ana urefu wa sentimita 20 hivi, basi ndege mwenyewe ndiye rula: chora mraba wenye upande wa kwezi 10, hiyo ni mita 4 za mraba. Hesabu waliomo. Chora miraba kadhaa, hata palipo patupu, kwa sababu jicho hukimbilia palipojaa. Tafuta wastani.

Tuseme upana ni mita 40, mwendo mita 15 kwa sekunde, muda sekunde 180, na wastani ni kwezi 1 kwa kila mraba. Eneo ni mita za mraba 108,000. Gawanya kwa 4, upate 27,000. Rudia kwa upana wa mita 30, kisha 50, uandike majibu yote mawili: 20,250 na 33,750.